Resori za Kukimbilia

Mjini Goma mtu akitaka kununua gari hahangaiki kwanza na rangi wala redio. Anapiga magoti, anachungulia chini ya tumbo la gari, anapima kwa mkono nafasi iliyopo kati ya chuma na ardhi. Ardhi yenyewe ni mawe meusi yaliyomwagwa na volkeno, yakakaa yalivyotaka yenyewe, na njia nyingi za mitaani zinapita juu yake hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo kuinua gari huku si mbwembwe za vijana. Wapo watu wazima, wenye ndoa na watoto, ambao ukiwatajia resori, yaani zile springi za mviringo zinazobeba gari, watasahau chakula kikipoa mezani.

Viateur alikuwa mmoja wao, na ugonjwa ulikuwa umemkolea. Kazi yake ilikuwa kuuza dawa kwenye duka la jumla, na gari lake lilikuwa RAV4 ya zamani, ya kijani, aliyoitunza kwa upole ambao mkewe Mapendo alisema angefurahi kuuonja na yeye mara mojamoja. Kila Jumapili baada ya misa wenzake watatu walikusanyika uani kwake, mtaa wa Himbi, wakabadili nguo za kanisani na kuingia chini ya magari. Hakuna hata mmoja aliyekuwa fundi. Mulumeoderhwa, kaka yake Mapendo, alikuwa karani bandarini, mtu wa Bukavu aliyejiona ana haki ya kumtania shemeji yake hadi siku ya kiyama. Dancille, mwanamke pekee kati yao, aliuza maharagwe ya Rutshuru, na Land Cruiser lake alikuwa amelifungua na kulifunga mwenyewe mara nyingi hata akaacha kujisifu. Barthélemy alifundisha jiografia, na hakuna alichokipenda kama kupima kitu kwa tepu na kuandika vipimo ukutani kwa chaki.

Jumapili moja ya Novemba, mwaka 2022, kazi yao haikuwa ya kujifurahisha tu. Waasi walikuwa wameshika Bunagana tangu Juni, kisha wakashika Rutshuru, na sasa milio ya mizinga ilisikika upande wa Kibumba, kwenye mashamba ya viazi na kabichi kaskazini mwa mji. Na Kibumba ndiko alikoishi mama yake Viateur, Nyiramahirwe, ambaye wote walimwita mukecuru kwa heshima ya uzee wake. Aliishi peke yake na mgongo wake mbovu, na malori hayakuwa yakipanda tena huko. Viateur alitaka kwenda kumchukua kwa gari lake. Shida ni kwamba mama huyo hakuwa amekanyaga ndani ya gari la mwanawe kwa mwaka mzima na nusu, na alikuwa amesema hatakanyaga.

Yote yalianza siku ya kukimbia volkeno. Mei ya mwaka uliotangulia, volkeno ya Nyiragongo ilipopasuka, mama alikuwa Goma kwa ubatizo wa mjukuu. Siku chache baadaye, ardhi ikiwa bado inatikisika, ilitangazwa kwamba mji uhame. Viateur alipakia mama, mke, watoto, magodoro na masufuria, wakashika njia ya Sake pamoja na dunia nzima. Njiani moyo ulimlainika, akapakia na wengine: mwanamke mwenye watoto wawili, na mzee mmoja mwenye fimbo. Walipokaribia Mubambiro magari yalikuwa yamesimama kabisa. Akajaribu kupita pembeni ya lami, na huko tumbo la gari likakaa juu ya jiwe na resori moja ya nyuma ikavunjika. Aliwaomba wale wa njiani wateremke. Waliteremka, gari likainuka, likatoka juu ya jiwe. Alipogeuka alimwona mama yake naye amesimama nje, ameshika mkono wa mmoja wa wale watoto.

“Enda, mutoto wangu,” alimwambia. “Nitafika.”

Viateur alimsihi, wenye magari nyuma wakapiga honi, na mwishowe akaondoka. Mama alifika Sake jioni kwa miguu, ameinama, akalala siku nyingi kwenye mkeka ndani ya darasa la shule. Tangu hapo, kila alipokuja Goma alipanda lori la kabichi. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba lori linamtosha. Basi Viateur akajijibu mwenyewe: gari lilimtupatupa mama, likamharibu mgongo, sasa analiogopa. Alilionea aibu jambo hilo. Akaapa kwamba atabadilisha resori zote, na pamoja nazo amortiseri, zile bomba za mafuta zinazotuliza mrusho wa gari. Na siku atakapomchukua mama, atamkalisha mbele peke yake, bila mtu wa kumsonga, kama askofu.

“Lakini mukecuru anapanda Fuso ya makabichi,” Dancille alikuwa amemwambia siku moja. “Na mugongo ile ile. Na Fuso inarusha mutu mubaya sana. Weye unaona ni resori anaogopa?”

Viateur alilichukulia neno hilo kuwa tusi kwa gari lake.

Resori mpya zilitoka Kampala, nene, nyekundu, zikavuka mpaka wa Bunagana siku chache kabla waasi hawajaingia. Amortiseri zilizokuwa zifuate hazikufuata. Mulumeoderhwa ndiye aliyewasumbua ndugu zake wa Bukavu mpaka zikapatikana nyingine, zikaja kwa mashua ya ziwani, na tangu siku hiyo akatangaza kwamba katika ukoo wao sasa ni mke anayemtolea mume mahari.

Asubuhi hiyo walianza kwa ubishi, kama kawaida yao. Ukishainua gari kwa kriki ni lazima uliegemeze juu ya kitu kisichosogea, na Goma kitu hicho ni jiwe. Mulumeoderhwa alivingirisha jiwe moja kutoka ukutani, Dancille akalikataa kwa mguu.

“Hiyo ni jiwe ya volkano ya 2002,” alisema. “Iko na matundu sana, itavunjika. Leta ile ya zamani, ile nzito, iko nyuma ya choo.”

“Shemeki, unasikia?” Mulumeoderhwa alimgeukia Viateur. “Huyu mama anajua mpaka mwaka jiwe ilizaliwa. Mi najua jiwe ni jiwe.”

“Sababu weye ni mutu wa Bukavu. Kwenu kuko udongo tu.”

Mulumeoderhwa akaenda nyuma ya choo akinung'unika, akarudi amekumbatia jiwe la zamani, jasho likimtoka. Waliweka mawe ya namna hiyo mawili mbele, mawili nyuma, wakasukuma gari kwa mabega kuona kama litacheza. Halikucheza. Ndipo wakatoa magurudumu.

Kazi ya namna hiyo ukiitazama kwa mbali utadhani ni watu wanne wanaogombana na chuma. Ukikaribia utaona kuna heshima ndani yake. Walifungua nati za juu, chini ya boneti, kisha za chini, nyuma ya breki, wakachomoa mguu mzima wa mbele, yaani resori na amortiseri pamoja, na kuulaza juu ya gunia. Resori ya zamani ilikuwa imechoka, ina kutu, pete zake za chini zimekaribiana hadi kugusana. Viateur aliishika mkononi kwa muda. Alikuwa na chuki nayo, na pia huruma kidogo.

Kubana resori mpya ili iingie mahali pake aliachiwa Dancille, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na vile vyuma viwili virefu vya kubania, na kwa sababu alikuwa na subira. Resori iliyobanwa ikiponyoka inaweza kumvunja mtu taya. Alizungusha upande mmoja kidogo, akahamia wa pili, akarudi wa kwanza. Wengine walinyamaza, hata Mulumeoderhwa. Kutoka kaskazini ulikuja mlio mzito, mmoja, wa mbali. Dancille alisubiri upite, kisha akaendelea kuzungusha.

Mapendo alileta chai na sahani ya viazi vya kuchemsha.

“Hivi ni viazi vya mukecuru,” alisema. “Vya mwisho alituma. Bakulima benyewe banashuka sasa.”

Walikula wamechuchumaa, mikono yao myeusi kwa grisi ikishika viazi kwa ncha za vidole. Barthélemy alieleza jinsi mlima unavyopumua na kwa nini Kibumba kuna udongo mzuri, na kama ilivyo desturi hakuna aliyemsikiliza mpaka mwisho. Saa za mchana zilipita hivyo, mguu mmoja baada ya mwingine, na jua lilipoanza kuelekea ziwani, gari lilikuwa limesimama juu ya resori zake nyekundu, refu, na linapendeza kutazama.

Likabaki jambo moja. Ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu ina mipira kwenye viungo, na nati za mipira hiyo hazikazwi gari likiwa hewani. Ni lazima gari likae chini kwa uzito wake wa kawaida, ili mpira ushikwe palepale utakapofanyia kazi. Hilo fundi yeyote wa nchi yoyote atakuambia. Lakini uzito wa kawaida ni upi? Kwa wapenda magari wa Goma jibu lilikuwa moja tangu volkeno, na hawakuona haja ya kulijadili. Uzito wa kawaida ni uzito wa kukimbia.

“Ita batu,” Dancille alisema.

Mapendo akaita majirani. Walikuja wakicheka, na hawakuhitaji kuelezwa sana, kwa kuwa walishafanya vivyo hivyo kwa gari la Dancille. Walileta godoro, gunia la mkaa, madumu ya maji, na sufuria kubwa ya harusi ambayo mwenyewe aliapa kwamba bila hiyo hakimbii. Watu wanane waliingia ndani na kusongamana, godoro likafungwa juu. Gari likashuka taratibu, likatulia sawasawa mbele na nyuma. Barthélemy akapima kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye ukingo wa bati, akasoma vipimo kwa sauti ya darasani. Viateur na shemeji yake wakalala chini, wakakaza nati moja baada ya nyingine huku majirani wakiimba wimbo wa kanisani juu ya vichwa vyao.

“Sasa iko gari,” Mulumeoderhwa alisema alipotoka, akijifuta mavumbi. “Shemeki, hata volkano ikitoka kesho, utabeba avenue muzima.”

Walipiga makofi. Hakuna aliyefikiri kuliendesha tupu. Ungewauliza wangekutazama kama mtu aliyechanganyikiwa, maana nani amewahi kukimbia na gari tupu? Majirani wakashuka, gari likainuka juu sana, wakalisifu kwa urefu wake, kisha kila mtu akaenda kunawa.

Jioni Viateur alimpigia mama yake simu.

“Mama, kesho nakuya kukuchukua. Gari iko na resori mupya.”

“Nimesikia habari ya resori.”

“Batu ba Kibumba banashuka?”

“Banashuka. Na miye nitashuka nabo, kwa miguu.”

“Na mugongo, Mama?”

“Basi kuya,” mama alisema hatimaye. “Kuya tuone hiyo gari.”

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema juu ya gari hilo tangu siku ya Sake. Viateur aliweka simu chini, akamtazama mkewe, na kwa furaha akashindwa hata kusimulia vizuri.

Asubuhi alitoka peke yake. Kwenye lami mambo yalikwenda vizuri. Alipofika Kibati, mahali ambapo moto wa volkeno wa 2021 ulikuwa umekata barabara na magari yalipita sasa juu ya mawe yaliyosagwa, alielewa. Gari lilimrusha. Lilipiga kila jiwe kana kwamba lina kisa nalo, usukani ukimtetemesha hadi mabegani, na mara moja kichwa chake kiligonga dari. Resori zilizopangiwa watu wanane zilikuwa zimembeba muuza dawa mmoja mwembamba, na ile mipira iliyokazwa ikiwa chini ya mzigo sasa ilikuwa imejisokota na kukakamaa. Tumekosea, aliwaza. Tumekosea sote wanne, na chaki ya Barthélemy. Alipunguza mwendo kadiri alivyoweza, na haikusaidia.

Watu walikuwa wakiteremka kutoka Kibumba kwa mafungu, wamebeba magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, kabichi walizowahi kung'oa. Wengine walimwinulia mkono na kumwuliza kwa ishara kama atarudi akishuka. Aliwaona wote. Alikaza macho barabarani, akajikumbusha alichoapa, kwamba safari hii gari ni la mama peke yake.

Alimkuta ameketi mlangoni, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, na furushi moja miguuni. Walisalimiana kwa mikono miwili. Mama alilizunguka gari polepole, akagusa gurudumu.

“Iko murefu,” alisema. “Nitapanda ginsi gani?”

Viateur alimletea kigoda, akamshika kiwiko, akampandisha kiti cha mbele. Alipofunga mlango ule machozi yalimlenga, kwa kuwa mama yake alikuwa ndani ya gari lake. Aliwasha, akaondoka kwa utaratibu wote aliokuwa nao.

Kutoka nyumbani hadi barabara kuu ilikuwa njia nyembamba ya mawe, kati ya kuta za mashamba. Kwenye jiwe la kwanza mama alishika dashibodi. Kwenye la pili akafumba macho. Waliporuka la tatu, aliweka mkono juu ya mkono wa mwanawe.

“Simamisha.”

Alisimamisha. Mama aliteremka peke yake, kwa shida, akaenda kuketi juu ya ukuta wa shamba na kujishika kiuno.

“Gari yako iko na kasirani,” alisema. “Hivi siwezi kufika Goma. Nitaisha mbele ya Kibati.”

Mlio mwingine ulisikika, karibu kuliko wa jana. Viateur alisimama kati ya mama na gari, akatafuta la kufanya, na kwa kuwa alikuwa mtu wa resori, alipata jibu la resori. Gari linahitaji uzito. Likipata uzito, litalainika. Aliruka ukuta, akainua jiwe, akalipeleka nyuma ya gari na kulilaza kwa uangalifu. Akarudi kuchukua la pili, kisha la tatu.

Njiani walikuwa wakipita majirani wa mama yake. Uwitonze, mwanamke aliyelima shamba la pili, alikuja na mtoto mgongoni, nyuma yake baba mkwe wake akivuta mguu mmoja, na wasichana wawili wenye mafurushi. Walipoona mtu mzima anapakia mawe kwenye gari, walisimama. Hawakuuliza kitu, maana ni watu wenye adabu.

“Unafanya nini?” mama ndiye aliyeuliza.

“Gari inataka buzito, Mama. Nikiweka mawe huku nyuma, itakuwa laini. Utakaa muzuri.”

“Mawe.”

“Ndiyo, Mama. Kidogo tu.”

“Utabeba mawe,” alisema bila kupandisha sauti, “upite nayo mbele ya hawa batu.”

Viateur alibaki na jiwe kifuani. Hasira ilimpanda kidogo, ile hasira ya mtoto aliyejitahidi. “Mama, ile mara nilibeba batu. Ndiyo vile gari ilivunjika, ndiyo vile uliumia mugongo. Nilijiambia sitarudia tena. Leo ni weye peke yako.”

Mama yake alimgeukia.

“Viateur. Unafikiri niliteremuka kwa sababu ya mugongo?”

Viateur aliliweka jiwe chini.

“Mugongo iliumia kisha, kwa kutembea. Mi niliteremuka sababu weye ulibateremusha. Yule mutoto mudogo aliuliza mama yake: tumefanya nini? Na miye nimekaa mbele, mama ya mwenye gari. Niliona haya. Nikateremuka.” Alijinyoosha kiuno. “Ningekuambia zamani. Lakini weye ulianza kulilia resori, resori, kila siku. Nikaona nikuache nayo.”

Maneno hayo yalimwingia Viateur polepole. Aliikumbuka siku ile kama ilivyokuwa, si kama alivyokuwa akijisimulia. Alimkumbuka yule mzee akitafuta ardhi kwa fimbo yake kabla ya kukanyaga chini. Aliona haya, haya ya kweli, si ile ya vyuma aliyoizoea. Mwaka na nusu alikuwa amelala chini ya gari akitafuta ugonjwa ambao haukuwa huko.

“Resori ilikuwa imevunjika, Mama,” alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Gari haikuwa inaweza kubabeba.”

“Najua. Ile siku haikuwa inaweza,” mama alijibu. “Leo inaweza ao haiwezi?”

Viateur aliligeukia gari lake, limesimama juu kwenye resori zake nyekundu. Aliwakumbuka majirani wanane wakiimba juu ya kichwa chake, na sufuria ya harusi.

“Inaweza,” alisema.

“Basi toa mawe.”

Aliyatoa, akayarudisha ukutani. Mama alikuwa tayari amemwita Uwitonze kwa Kinyarwanda, akimwuliza anasubiri nini. Uwitonze aliingia na mtoto wake, baba mkwe akafuata na mguu wake, na wale wasichana wawili wakapenya nyuma pamoja na mafurushi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na mkewe aliyechoka, magodoro kichwani, alisimama kwa mbali, akaitwa naye. Magodoro yalifungwa juu kwa kamba. Kila mtu alipoingia gari lilishuka kidogo. Mama alipanda wa mwisho, na safari hii hakuhitaji kigoda.

Ile njia ya mawe waliipita kama waliokuwa wakivuka uwanja. Viateur aliendesha huku akisubiri mkono wa mama juu ya mkono wake, na mkono haukuja. Kwenye barabara kuu walishuka taratibu katikati ya watu na mbuzi. Nyuma, baba mkwe wa Uwitonze alilalamika juu ya kabichi alizoziacha, akazitaja kwa ukubwa wake, na mama akamjibu kwamba kabichi hazina miguu lakini zina mizizi, atazikuta. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekaa vizuri. Viateur alimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameegemea kiti, mikono imelegea mapajani.

Walipokuwa juu ya mawe ya Kibati gari lilipanda na kushuka kwa upole, mbele na nyuma pamoja. Mtoto wa Uwitonze alikuwa amelala. Pembeni ya barabara, mbele kidogo, mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia lake, viatu mkononi, akiangalia miguu yake. Hakuinua mkono kuomba. Aliliona gari lilivyojaa na akarudisha macho chini.

Ndani ya gari hakuna aliyemwomba asimame. Mama naye alikuwa anaangalia mbele. Mguu wa Viateur ulikuwa tayari kwenye breki.

“Mama, unaenda Goma?” alimwuliza yule mwanamke kupitia dirishani.

“Ndiyo, papa. Lakini muko bengi.”

“Tutasongana.”

Nyiramahirwe alijisogeza hadi ubavuni mwa mwanawe, akapigapiga kwa kiganja nusu ya kiti iliyobaki. Mwanamke alipanda, gunia likapitishwa nyuma juu ya vichwa, mlango ukafungwa mara ya pili ndipo ukakubali. Gari likashuka kidogo tena. Viateur alisikiliza kama resori za nyuma zinalalamika, hakusikia kitu, akaingiza gia ya kwanza.